Maana ya Mwisho ya Madhu

Alhamisi hiyo Itwaro Bai alifika Shule ya Bweni ya Kisanskriti ya Tendughat saa tatu kasorobo asubuhi, akautua mzegazega wake chini ya dirisha la darasa la tatu, akasogeza madebe mawili ya asali kivulini, kisha akachuchumaa kumsubiri mpishi aoge.

Mpishi alilazimika kuoga kabla ya kupokea asali, na kuoga tena baada ya kuipokea kwa Itwaro Bai. Asali yenyewe haikuwa na haja ya kuoga. Vitabu vinasema asali ni safi hata itoke mkononi mwa nani, na shule ilivifuata vitabu kwa moyo mkunjufu kila palipohusika asali. Maji yalikuwa jambo jingine. Katikati ya ua palikuwa na kisima cha mawe chenye kamba, kapi na ndoo ya shaba. Watu wa kitongoji cha Jhiri, ambao ni Wagondi wa msituni, hawakuruhusiwa kugusa kamba, wala kapi, wala ndoo, wala kivuli cha ndoo. Kisima hicho hakijawahi kukauka. Jhiri kwenyewe kulikuwa na visima viwili, na vyote viwili vilikauka kila mwaka kwa uaminifu mkubwa. Baada ya hapo wanawake walitembea hadi mto Narmada, mwendo wa saa tatu kwenda na saa nne kurudi, maana wakati wa kurudi kuna mitungi.

Itwaro Bai alikuwa amemsubiri mpishi kila Alhamisi kwa miaka kumi na tisa, na mpishi alikuwa mtu wa kuoga taratibu. Saa hiyo ya kusubiri ndiyo ilikuwa saa ya darasa la tatu kukariri kamusi. Kamusi hiyo ni ya kale, yote imetungwa kwa beti, na wavulana waliikariri wakiyumba mbele na nyuma, vishungi vya nywele vikitikisika visogoni. Wavulana walisahau kwa sababu walikuwa na mtihani. Itwaro Bai, ambaye hakuwa na mtihani, hakusahau kitu. Alikuwa na kamusi nzima kichwani, pamoja na kikohozi cha Guruji, mwalimu wao, mahali pake.

Kazi yake ilikuwa kurina asali kwenye majabali ya mashariki, kule nyuki wakubwa wanakotundika masega yao chini ya miamba. Kwa desturi ya warina asali, kamba ya anayeshuka jabali hushikwa na shemeji yake, ndugu wa mke, kwa sababu huyo ndiye asiyetaka dada yake awe mjane. Ndugu wa damu haaminiki, anaweza kurithi. Lakini Dhaniram, mume wa Itwaro Bai, aliogopa mahali pa juu hata akiwa kitandani, kwa hiyo aliyeshuka jabali alikuwa mke, na aliyeshika kamba alikuwa wifi, Phaguni, dada yake Dhaniram.

"Usidhani nakupenda," Phaguni humpigia kelele kutoka juu kila mara kamba inapokaza. "Ukianguka, kaka yangu atahamia kwangu, na anakula sana!"

Hakuna kamba iliyopata kushikwa kwa uthabiti kuliko hiyo.

Basi Alhamisi hiyo, katikati ya baridi ya mwezi wa Pausha, Guruji Girijashankar alimnyooshea fimbo Trilochan, kijana wa miaka kumi na mitano, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amemweka chura ndani ya kilemba cha mpishi.

"Madhu," alisema Guruji. "Maana zake zote, kwa mpangilio."

Neno hilo ni dogo lakini tumbo lake kubwa. Trilochan alianza vizuri.

"Madhu ni asali. Madhu ni pombe. Madhu ni mbochi wa maua. Madhu ni... ni..."

"Ni?"

"Ni utamu tu, Guruji, kwa ujumla."

"Kwa ujumla nyoosha mkono."

Fimbo ilikuwa imeshainuka sauti iliposikika chini ya dirisha. "Ni majira ya kuchipua."

Na majira ya kuchipua yakaingia uani. Mti wa palash uliokuwa mkavu kama kuni ukawaka maua mekundu toka shina hadi ncha. Ndege koeli akaanza kuita. Upepo ukageuka, ukatoka kusini, na wavulana wakavua mablanketi, wakayakunja, wakayakalia. Nje ya lango ilikuwa bado baridi. Muuza maziwa, aliyekuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, aliteremsha blanketi kwenye bega la ndani tu.

Guruji alitazama saa yake, akafungua daftari la matukio ya shule, akaandika: Saa tatu na dakika ishirini, majira ya kuchipua yamefika, ua wa kati pekee. Kisha akachungulia dirishani.

"Nani amejibu?"

"Mimi, Guruji."

"Wewe nani?"

"Wa asali."

"Umejuaje?"

"Nimesikia. Masikio hayana mlango, Guruji."

"Na baada ya majira ya kuchipua kuna nini?" aliuliza Guruji, kwa sababu mwalimu ni mwalimu, na alikuwa ameshajisahau.

"Ziko nne nyingine. Nikuteremshie zote? Ua wenyewe mdogo huu."

Wavulana walicheka. Guruji alikumbuka anazungumza na nani, akaingiza kichwa ndani. Mpishi alifika akiwa safi, akaipokea asali, akaondoka kwenda kuoga. Kengele ya chakula ilipolia saa sita, majira ya kuchipua yaliondoka bila fujo, na maua ya palash yakafagiliwa.

Itwaro Bai hakwenda nyumbani moja kwa moja. Langoni kulikuwa na jiwe lililochongwa maandishi, ambalo wavulana walilisugua kwa majivu kila mwezi mpevu. Maneno yake yalikuwa ya mama mmoja mtawala wa zamani, aliyejenga shule na kuchimba kisima, na ambaye alikufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Itwaro Bai hakujua kusoma, kwa hiyo Trilochan alimsomea. Alimsomea kwa sauti ya kuwafikia walimu wote waliokuwa wakila, na alimsomea mara tatu, ingawa mara moja ingetosha.

"Yeyote atakayeisoma kamusi yote bila kosa mbele ya mtahini kutoka Kashi, shule hii itampokea kama mgeni wa heshima, kwa maji na kwa kinywaji cha asali, na yeye na watu wa kwao watateka maji humu daima."

"Yeyote," alisema Itwaro Bai.

"Herufi zimechongwa ndani kabisa, Bai. Hazifutiki. Mimi mwenyewe nimejaribu."

Guruji alipoombwa aliandike jina la Itwaro Bai kwenye orodha ya watahiniwa, alifikiri kwa siku tatu. Alikuwa mtu mwema. Wema wake ulikuwa na kamba fupi tu. Aliona kwamba jiwe ni jiwe, na kwamba hata hivyo mtahini angemkataa mwanamke huyo, na kukataa huko kusingekuwa kwake yeye Guruji. Kwa hiyo aliliandika, kwa penseli.

Phaguni hakufurahi.

"Wanataka wakucheke tu," alisema, wakati wakipanda njia ya Jhiri. "Utakaa mbele ya wale vipara, utasema maneno yao, watapiga makofi, watakwambia nenda. Halafu mimi ndiyo nitakusikiliza ukilalamika jabalini, nikiwa nimeshika kamba, siwezi hata kuziba masikio."

"Phaguni, mwaka jana mwezi wa Jeth, visima vilipokauka, nani aliharibikiwa mimba njiani na mtungi kichwani?"

Phaguni alilipiga teke jiwe lililokuwa njiani.

"Binti yangu," alisema.

"Ya ngapi?"

"Ya pili."

Phaguni akaongeza mwendo mpaka nyumbani.

Mtahini alifika mwezi wa Phalgun, kwa basi, na kigoda chake mwenyewe na maji ya Ganges kwenye chombo kilichozibwa kwa nta. Aliitwa Pandit Nilkanth. Alianza na wavulana. Trilochan alikosea mara arobaini na moja, idadi ambayo darasa zima lilikubali kwamba ni heshima, likizingatia uwezo wake. Kisha Guruji akakohoa na kumwonyesha jina la mwisho.

Pandit Nilkanth alimtazama Itwaro Bai, akamtazama Guruji, akapelekwa langoni kulisoma jiwe. Alilisoma mara mbili akitafuta kosa la sarufi. Hakuliona, na jambo hilo lilimuuma.

"Asome," alisema. "Nyuma ya pazia."

Wakatundika gunia barazani, na Itwaro Bai akakaa upande wa pili wa gunia. Alianza jua likiwa juu ya lango. Alisoma mbingu na majina yake, miungu na majina yao, maji yote, milima yote, miti, wanyama, watu wa kila daraja na kazi zao. Maneno hayo yalibaki kuwa maneno. Alitaja tembo, hakuja tembo. Alitaja mfalme, hakuja mfalme. Mrina asali ana neno lake moja, na wengine wana yao. Alipofika mahali fulani kwenye mlango wa mimea alikohoa mara mbili, akaendelea.

"Hicho nini?" aliuliza Pandit Nilkanth.

"Kimo katika nakala yetu," alisema Guruji, akitazama chini.

Alasiri akafika kwenye madhu.

"Madhu ni asali," alisema, na vidau vya wino vya darasa zima vikajaa asali hadi ukingoni.

"Ni pombe." Maji ya Ganges yakawa pombe ya mahua. Pandit Nilkanth alionja, akaweka kikombe chini, kisha akaonja tena ili kuthibitisha.

"Ni mbochi wa maua." Shada la maua shingoni mwa Guruji likaanza kuchuruzika.

"Ni majira ya kuchipua," na yakaja, yakakaa palepale yalipokaa mara ya kwanza.

"Ni mwezi wa Chaitra." Kalenda ukutani ikafunua ukurasa wake yenyewe, na mpishi akalalamika kwamba sikukuu ya Holi imempita na rangi alikuwa ameshanunua.

"Ni maziwa." Ng'ombe aliyefungwa langoni akaanza kujikamua. Muuza maziwa akasogeza chombo chini yake bila neno.

"Ni jitu la kale." Na jitu lenyewe likaingia, lile ambalo jina lake ni Madhu, lililoiba vitabu vitakatifu dunia ilipokuwa bado changa. Urefu wake ulikuwa wa watu wawili. Liliinama kupita langoni, likavua viatu, likakaa mwisho wa safu ya darasa la tatu na kukunja miguu vizuri ili lisiwasumbue wengine.

"Ni maji," alisema Itwaro Bai, na hiyo ndiyo ilikuwa maana ya mwisho. Akapitisha mikono yake chini ya gunia, akaikinga pamoja kama anavyofanya mgeni wa heshima anayengoja kumiminiwa.

Hakuna kilichotokea. Maana nyingine zote zilikuwa zimekuja zenyewe, kwa sababu hazikuwapo. Maji yalikuwapo tayari. Yalikuwa kisimani, hatua kumi na mbili kutoka hapo, na kilichohitajika kilikuwa mtu wa kuyateka.

Walimu walikitazama kisima. Mpishi alitazama vidole vyake vya miguu.

"Hakuna kosa," alisema Pandit Nilkanth mwishowe, akaliandika hilo kwa wino uliokuwa asali. "Imesomwa yote, bila kosa. Sasa shule impokee mgeni wa heshima." Akaligeukia jitu. "Karibu sana."

Jitu likainamisha kichwa kwa adabu.

"Na mama?" aliuliza Trilochan.

"Mgeni ni yule aliyefika. Aliyefika ni huyu, na ukoo wake tunaujua, umo vitabuni. Huyo mama ni mleta asali. Andikeni: asali imeletwa."

Basi jitu likaoshwa miguu. Zilihitajika ndoo tisa. Likamiminiwa maji ya kunywa mkononi, likapewa bakuli la shaba lenye mtindi, samli na asali, asali ikizidi samli, maana zikilingana ni sumu na mpishi si mtoto. Likanywa, likashukuru, na kabla ya jioni likawa limeandikishwa darasa la tatu. Asali ya kwenye bakuli ilikuwa ya Itwaro Bai. Mikono yake ilikuwa bado iko chini ya gunia.

"Nenda nyumbani, Bai," alisema Guruji kwa upole. "Imekwisha."

"Nasubiri maji."

"Hakuna maji."

"Yapo, Guruji, nayaona hapa. Mgeni haondoki kabla ya maji. Si mnasema nyinyi wenyewe?"

Akasogeza gunia, akavuka ua, akaketi kando ya kisima na mgongo wake ukielekea mawe, bila kuyagusa. Wakubwa walielewa mara moja anachofanya. Ni desturi ya Mabrahmani wenyewe, ya tangu zamani: mtu aliyedhulumiwa huenda kukaa mlangoni kwa aliyemdhulumu, na kiu na njaa yake, mpaka apewe haki. Na maadamu amekaa pale ana kiu, wenye nyumba nao wasinywe. Kwa kuwa desturi hiyo imo katika kamusi, Itwaro Bai aliijua pamoja na visawe vyake vyote.

"Haihusu," alisema Pandit Nilkanth. "Ili kukalia mlango wa mtu, lazima kwanza uwe mtu wa kupokewa mlangoni. Huyu hajakaa. Huyu yuko tu. Tekeni maji."

Mpishi akateka. Ndoo ilipanda ikiwa nzito kuliko kawaida, na ilipofika juu ilikuwa asali tupu. Mpishi aliinusa.

"Ya majabali ya mashariki," alisema. "Ya mwaka huu."

Akateka ya pili, nayo ikawa asali. Ya tatu vilevile. Pandit Nilkanth aliondoka kwa basi la saa kumi na moja.

Siku ya kwanza shule ilikunywa maziwa. Siku ya pili maziwa yalikwisha, shule ikanywa asali. Kufikia mwisho wa wiki mpishi alikuwa amejua kupika wali kwa asali, dengu kwa asali na chai ya asali isiyo na maji. Wavulana walioga asali alfajiri, wakakaushwa na jua, wakaenda darasani wakinata. Vitabu viligandana kurasa, na somo la mantiki likaruka kutoka sura ya pili hadi ya tisa, ambapo wengi walilielewa vizuri zaidi. Sisimizi walifanya makazi kwenye vishungi vya nywele. Jitu ndilo pekee halikulalamika, isipokuwa kuhusu ukubwa wa sahani.

Itwaro Bai hakunywa kitu. Siku ya tatu Phaguni alikuja langoni kumlilia, akalia vizuri, kwa sauti, na mashairi ya kufaa. Siku ya nne Itwaro Bai hakufa. Siku ya tano hakufa. Siku ya sita Phaguni aliacha kulia, akasema ni upotevu wa chumvi, akaanza kumletea habari.

"Kaka yangu amehamia kwangu."

"Pole."

"Jana kala mikate kumi na moja. Kumi na moja, Itwaro! Rudi nyumbani."

"Nikishakunywa."

Jambo moja lilikuwa wazi kwa kila mtu: ndoo ya kwanza itakayotekwa kwa ajili yake itakuwa ya maji, na zote zitakazofuata. Halikuwa siri. Lilijadiliwa kwenye kikao cha walimu, kama ajenda ya tatu, baada ya sisimizi na sabuni. Kikao kiliazimia kwamba asali ina faida nyingi kiafya. Kiliazimia pia kwamba kamba ya kisima ifungwe kufuli, kwa kuwa Trilochan alikuwa ameonekana akiitazama. Ufunguo alipewa Guruji, naye akaufunga kwenye uzi mtakatifu unaopita begani mwake, mahali ambapo hakuna mvulana angethubutu kuugusa.

Majira ya kuchipua hayakuondoka safari hii. Kengele ililia, yakabaki. Nje Chaitra ya kweli ilifika, ikapita, jua likaanza kuchoma, na ndani ya ua palash ilikuwa bado ina maua. Nyuki wa majabalini walihamia kwenye miti ya shule. Siku moja dubu aliingia langoni, akapita mbele ya mlinzi, akapanda ukingo wa kisima, akatumbukiza mkono, akalamba mpaka akashiba. Hakuna aliyemzuia. Vitabu havisemi chochote kuhusu dubu. Itwaro Bai alijisogeza kidogo ili ampishe, na dubu akaondoka.

Wavulana walimzoea. Walimsalimu asubuhi wakienda kuoga, na jioni walimletea mistari iliyowashinda. Aliwasahihisha bila fimbo. Mwaka huo darasa la tatu lilipata sifa katika wilaya nzima, na Guruji alipokea barua ya pongezi, ambayo ilimganda mkononi hadi kesho yake.

Jitu ndilo lililouliza. Lilikuwa halifahamu bado mambo ya kutoulizwa. Lilisimama wakati wa somo la adabu, likagonga kichwa darini, likasema:

"Guruji, mimi niliiba vitabu, nikapewa kiti. Huyu mama kaiba nini?"

"Hakuiba chochote," alisema Guruji.

"Aa," lilisema jitu. "Ndiyo maana." Likakaa, likaendelea na zoezi lake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Kesho yake, kabla ya kengele ya kuamka, Guruji alikwenda kisimani peke yake. Alikuwa ameushika ufunguo, bado ukiwa kwenye uzi.

"Itwaro Bai."

"Guruji."

"Umesoma vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Nataka ujue hivyo."

"Hukunifundisha, Guruji. Ulikuwa unaongea kwa sauti tu."

Guruji alikubali kwa kichwa. Ulikuwa ukweli.

"Nikikutekea maji," alisema, "watanitoa kwenye safu ya kula. Umri huu. Nitakula peke yangu, kwenye kona, mpaka nife."

"Mimi nimekula peke yangu uani hapa miaka kumi na tisa. Chini ya dirisha lako. Haiui."

"Wewe umezoea."

"Nani kakwambia?"

Guruji alisimama pale muda mrefu. Ufunguo ulikuwa mkononi, na kufuli ilikuwa mbele yake, na kutoka mkono hadi kufuli haikufika shibiri mbili. Koeli aliita. Kisha Guruji akaurudisha ufunguo ndani ya shuka, akasema samahani, kwa Kisanskriti, lugha ambayo ina maneno saba ya samahani, na alichagua lile zuri kuliko yote. Akaenda kuoga asali.

"Nimelisikia," alisema Itwaro Bai nyuma yake. "Bado nina kiu."

Mwezi wa Jeth ukaingia. Visima vyote viwili vya Jhiri vikakauka, na wanawake wakaanza kupita mbele ya lango la shule alfajiri, mitungi mitupu vichwani, kuelekea mtoni. Wakirudi mchana walipita tena, wakimwaga kidogokidogo njiani. Mlinzi aliwahesabu kwa mazoea. Itwaro Bai aliwaona kupitia lango, nao walimwona yeye, na mti wa palash nyuma yake.

Asubuhi ya tisa ya mwezi huo Phaguni alifika langoni na mitungi miwili mitupu, na badala ya kupita aliingia. Pamoja naye alikuwa binti yake, tumbo likiwa mbele tena, miezi sita.

"We mama, simama hapo!" alisema mlinzi.

"Dubu ulimwambia asimame?" aliuliza Phaguni, akapita.

Alimtazama wifi yake kutoka utosini hadi miguuni, kama mtu anayekagua kamba kabla ya kuikabidhi uhai wa mwenzake.

"Umekonda."

"Kaka yako je?"

"Amenenepa. Amemaliza unga, ameanza mbegu." Akapangusa jasho, akagundua kwamba humo ndani hakuna joto, akakasirika zaidi. "Mtoni sifiki leo. Na huyu hafiki. Nimechoka kukuona umekaa peke yako kama mtu asiye na ndugu."

"Kaa basi."

"Nakaa. Unadhani nimekuja kukuamkia?"

Aliisimamisha mitungi chini, midomo juu, akamkalisha binti yake kwenye kivuli, akaketi. Wanawake waliokuwa njiani walisimama kutazama. Kisha mmoja akaingia, na mwingine, na mlinzi akalazimika kukaa kando kwa sababu lango lilikuwa jembamba na mitungi ilikuwa mipana. Kufikia saa nne ua mzima ulikuwa mitungi. Walimu waliitisha kikao cha dharura. Kikao kiliazimia kununua kufuli ya pili.

Kengele ya chakula ililia saa sita. Wavulana walitoka darasani wakiruka mitungi, na jitu likatoka nyuma yao, likiinua miguu juu sana na kuiteremsha polepole, lisivunje hata mmoja. Walikaa safu kwa safu barazani. Mpishi akagawa wali wa asali. Guruji alikula mahali pake katika safu, ufunguo ukiwa kwenye uzi, na kila alipoinama kuchukua tonge ufunguo uligonga sahani.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza binti wa Phaguni. "Tukae tu hivi?"

"Hapana," alisema Itwaro Bai. "Tusome. Jiwe linasema yeyote."

Neno la kwanza katika kamusi ile ni mbingu. Alilisema taratibu, na majina yake yote tisa. Wanawake wa Jhiri wakalirudia kwa pamoja, kwa sauti, na hakuna aliyesimama kwenda mtoni.